Kutoka Bekereli Hadi Siveti: Hesabu Isiyoishia Kwenye Kuzidisha



Mada ya jioni hii ni ubadilishaji wa vipimo vya unururifu, na hoja yangu ni moja. Chini ya jina hilo la ubadilishaji kumefichwa kazi mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza ni kuitoa namba kwenye kipimo cha zamani na kuiweka kwenye kipimo kipya cha kitu kile kile: kyuri kuwa bekereli, radi kuwa grei, remu kuwa siveti. Hiyo ni hesabu ya darasani, ina jibu moja, na kikokotoo chochote kinaiweza. Ya pili ni kutoka kwenye unururifu uliomo ndani ya maji, maziwa au udongo hadi kwenye madhara yanayoweza kumfikia mtu, yaani kutoka bekereli hadi siveti. Hiyo haina kizidisho kimoja. Katikati yake pana maswali ambayo lazima mtu ayajibu kwanza: ni elementi gani, imeingia mwilini kwa njia ipi, mwili wenyewe ni wa nani, na kwa muda gani. Ninachodai ni kwamba taasisi inayotangaza namba ya mionzi bila kueleza imeyajibu vipi maswali hayo bado haijaupa umma taarifa, hata kama namba yenyewe ni sahihi mpaka desimali ya mwisho.

Tuanze na kazi iliyo rahisi, maana nayo ina historia yake. Henri Becquerel aligundua mwaka 1896 kwamba chumvi za urani hutoa mionzi zenyewe, bila kuchochewa na mwanga. Miaka miwili baadaye Marie na Pierre Curie walitangaza poloniamu na radiamu. Mwaka 1910, kwenye kongamano lililofanyika Brussels, kipimo cha kyuri kilifungamanishwa na gramu moja ya radiamu, kwa sababu radiamu ndiyo iliyokuwa kitu halisi walichoweza kukipima kwenye mizani. Baadaye kyuri ilikaziwa kwenye namba maalumu: viini vya atomu bilioni 37 vinavyovunjika kila sekunde. Mwaka 1975 Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani ulipitisha bekereli, ambayo ni kiini kimoja kinachovunjika kwa sekunde, pamoja na grei, ambayo ni juli moja ya nishati ya mionzi iliyofyonzwa na kilo moja ya maada. Siveti ilifuata mwaka 1979, ikichukua jina la Rolf Sievert wa Sweden, kama grei ilivyochukua jina la Mwingereza Louis Harold Gray. Kwa hiyo kyuri moja ni bekereli bilioni 37. Radi mia moja ni grei moja. Remu mia moja ni siveti moja. Kubadili hivi ni sawa na kubadili ratili kuwa kilo. Mzigo haupungui wala hauongezeki, na mizani haijui ni mchukuzi gani ataubeba wala ataufikisha wapi.

Hata hivyo kazi hii rahisi imewahi kudanganya watu wazima wenye elimu kubwa, na inafaa tuone ilivyotokea. Usiku wa tarehe 26 Aprili 1986, baada ya kinu cha nne cha Chernobyl kulipuka, vyombo vilivyokuwa mikononi mwa wafanyakazi vilikuwa na ukomo wa maikrorontjeni 1,000 kwa sekunde. Zidisha kwa sekunde 3,600 zilizomo ndani ya saa moja, utapata 3.6 kwa saa za rontjeni, kipimo kingine cha zamani cha mionzi. Mshale uligota kwenye ukomo huo, na namba 3.6 ikapanda ngazi za uongozi kana kwamba ndicho kiwango chenyewe. Leo ukiibadili unapata takriban milisiveti 35 kwa saa, na hesabu yako itakuwa sahihi kabisa. Lakini karibu na vifusi vilivyorushwa nje ya kinu, kiwango kilikuwa maelfu ya rontjeni kwa saa. Ile 3.6 ilieleza uwezo wa chombo, haikueleza hali ya mahali. Ubadilishaji sahihi wa namba isiyo na maana huzaa namba nyingine isiyo na maana, na ya pili huwa hatari zaidi kwa sababu imepita kwenye hesabu na sasa inaonekana ya kitaalamu.

Athari za kyuri zimebaki hata mahali ambapo kyuri yenyewe haitajwi tena. Wataalamu wa Kisovieti waligawa ardhi iliyochafuliwa na sesiamu-137 kwa mipaka ya kyuri 1, 5, 15 na 40 kwa kilomita ya mraba. Ramani zilipobadilishwa kwenda vipimo vipya, mipaka hiyo ikawa kilobekereli 37, 185, 555 na 1,480 kwa mita ya mraba. Msomaji asiyejua chanzo chake anaweza kudhani kwamba namba 555 imepatikana kwa utafiti wa kina wa afya, kumbe ni 15 tu iliyozidishwa kwa 37. Ni jambo dogo, lakini linatufundisha kuhoji usahihi unaotokana na kubadili kipimo peke yake. Kwenye ukubwa wa namba nako hali ni hiyo hiyo. Mnamo Aprili 2011 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Japani ilikadiria kwamba vinu vya Fukushima Daiichi vilivyopata ajali vilikuwa vimetoa hewani terabekereli 370,000. Kiasi hicho ni kyuri milioni 10. Ni kitu kile kile, lakini anayesoma terabekereli 370,000 na anayesoma kyuri milioni 10 hawashtuki kwa kiwango kimoja. Tena ndani ya jumla hiyo kulikuwa tayari na uamuzi wa kitaalamu: sesiamu-137 ilizidishwa kwa 40 ili ijumlishwe na iodini-131, kama kanuni za ngazi ya kimataifa ya matukio ya nyuklia zinavyotaka. Namba iliyoonekana kuwa hesabu tupu ya viini vinavyovunjika ilikuwa imeshaanza safari ya kuelekea kwenye madhara bila wasikilizaji wengi kuambiwa.

Sasa tuingie kwenye kazi ya pili, na tuichukue kwenye tukio moja tulitazame kwa karibu. Tarehe 22 Machi 2011, baada ya ajali hiyo ya Fukushima, maji ya mtambo wa kusafishia maji wa Kanamachi, unaohudumia sehemu ya jiji la Tokyo, yalipimwa yakakutwa na bekereli 210 za iodini-131 kwa lita. Siku iliyofuata wakazi walitangaziwa kwamba watoto wachanga wasipewe maji hayo, kwa kuwa ukomo wao ulikuwa bekereli 100 kwa lita. Ukomo wa watu wengine ulikuwa bekereli 300, hivyo watu wazima waliambiwa wanaweza kuendelea kuyanywa. Jaribu kusikia tangazo hilo kwa masikio ya mama aliyeshika chupa ya maziwa ya unga. Bomba ni moja, maji ni yale yale, lakini kwake yeye ni salama na kwa mwanawe si salama. Bila kuelezwa sababu, tangazo la aina hiyo linanuka ubabaishaji.

Sababu ipo, na imekaa ndani ya hatua ile ya kati. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi huchapisha vizidisho vya kila isotopu kwa kila umri. Kwa iodini-131 inayomezwa, kizidisho cha mtu mzima ni maikrosiveti 0.022 kwa kila bekereli. Cha mtoto wa miezi mitatu ni 0.18. Lita moja ya maji ya Kanamachi ingempa mtu mzima takriban maikrosiveti 4.6, na mtoto takriban 38. Tofauti ni mara nane, na haikutoka kwenye maji. Imetoka kwenye tezi ya thairoidi iliyopo shingoni: mwili hukusanya iodini humo ili kutengeneza homoni, na tezi ya mtoto ni ndogo mno, kwa hiyo nishati ile ile inafyonzwa na gramu chache za nyama. Kwa sesiamu-137 mambo hayako hivyo. Kizidisho cha mtoto huyo ni maikrosiveti 0.021 kwa bekereli na cha mtu mzima ni 0.013, tofauti haifiki hata mara mbili, kwa kuwa sesiamu husambaa mwilini kote na mwili wa mtoto huitoa haraka kuliko wa mtu mzima. Mtu atakayejifunza kwamba mtoto huathirika mara nane na kuitumia kanuni hiyo kwa kila kitu atakuwa amekosea kwa nia njema. Na bekereli moja ya poloniamu-210 ikimezwa na mtu mzima humpa dozi ya mara zaidi ya 60,000 kuliko bekereli moja ya tritiamu. Namba hizo mbili zikiandikwa kwenye karatasi zinafanana: moja na moja.

Kuna anayeweza kusimama hapa na kusema: basi tuachane na bekereli, umma upewe siveti peke yake, kwa kuwa siveti ndiyo inayohusu afya. Pendekezo hili lina nguvu na limeungwa mkono na watu makini. Lakini siveti nayo ina mlango wa nyuma. Zile maikrosiveti 38 za mtoto wa Tokyo ni dozi ya mwili mzima, iliyopatikana kwa kuchukua dozi ya kila kiungo, kuipa uzito wake, kisha kujumlisha. Uzito wa tezi ya thairoidi ni mdogo, kama sehemu 5 kati ya 100 au pungufu kidogo. Ukitazama tezi peke yake, lita ile moja ingeipa karibu maikrosiveti 780. Namba zote mbili zinaitwa siveti, zote ni za kweli, na zimepishana mara ishirini. Msemaji anayetaka kutuliza watu atachagua 38, anayetaka kuwatisha atachagua 780, na hakuna kati yao atakayekuwa amesema uongo. Kwa iodini tezi ndiyo inayostahili kutajwa, kwa sababu historia imeshaonyesha maradhi hutokea wapi. Baada ya Chernobyl watoto wa Belarus, Ukraine na maeneo jirani ya Urusi walikunywa maziwa ya ng'ombe waliolishwa majani yenye iodini-131, na hadi mwaka 2005 zaidi ya watu 6,000 waliokuwa watoto au vijana wakati wa ajali walikuwa wamegundulika na saratani ya thairoidi, na sehemu kubwa ya visa hivyo huhusishwa na maziwa hayo. Isotopu hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya siku nane. Laiti maziwa yangezuiwa kwa wiki chache tu, na wazazi wakaambiwa ni kwa nini, sehemu kubwa ya maradhi hayo isingetokea. Hapo ndipo tofauti kati ya namba na taarifa inapopimwa kwa shingo za watoto.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na husemwa kwa sauti ya chini maofisini: wananchi hawataelewa haya yote, wape jibu la salama au si salama, wataalamu wabaki na hesabu zao. Nalipinga kwa sababu moja ya msingi. Neno salama limejengwa juu ya makadirio, na makadirio hayo yanamhusu mlaji moja kwa moja. Chukua chakula chenye sesiamu. Mwongozo wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kwa biashara ya chakula baada ya ajali ya nyuklia, unaruhusu bekereli 1,000 kwa kilo. Japani, tangu Aprili 2012, inaruhusu 100 kwa chakula cha kawaida. Mtu akiona tofauti ya mara kumi atadhani kwamba Wajapani wanajali uhai wa watu na Codex haijali, au kwamba upande mmoja umenunuliwa na wafanyabiashara. Kumbe wote wameanzia kwenye lengo moja: mlaji asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na chakula. Codex imemfikiria mtu anayekula kilo 550 za chakula kwa mwaka, na kati ya hizo sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayotoka kwenye eneo lililochafuliwa. Zidisha 1,000 kwa 550, kwa 0.1, kisha kwa kizidisho cha mtu mzima. Unapata takriban milisiveti 0.7. Japani, ambako shamba lililochafuliwa liko ndani ya nchi yenyewe, ilikadiria kwamba nusu ya chakula cha raia wake huenda ikatoka kwenye maeneo hayo. Kwa hiyo ukomo wa Codex unamfaa mnunuzi wa mbali anayechanganya vyakula vya kutoka pande nyingi. Mtu anayekula unga wa gunia lile lile mwaka mzima hayumo kwenye hesabu hiyo, na ana haki ya kujua kwamba hayumo. Sidhani mlaji huyo atashindwa kuielewa hesabu ya kuzidisha namba nne. Wakulima wetu hukokotoa mbegu, mbolea na bei ya mazao kwa hatua nyingi kuliko hizo.

Wapo pia wanaotaka kurahisisha kwa kulinganisha na vyakula vya asili. Hoja yao ni kwamba potasiamu yote duniani ina chembe za potasiamu-40, takriban bekereli 31 kwa kila gramu ya potasiamu, na ndizi ina potasiamu. Basi mionzi ya maji haya ni sawa na ya ndizi kadhaa. Ukweli wa awali ni sahihi. Kilo moja ya maharage makavu ina bekereli zinazokaribia 430, mara mbili ya lita ile ya Kanamachi, na mwili wa mtu mzima una zaidi ya bekereli 4,000 za potasiamu-40 wakati wote. Lakini mwili huidhibiti potasiamu: ukila zaidi, figo hutoa zaidi, na kiasi kilichomo ndani hakibadiliki. Kwa hiyo ndizi haiongezi dozi kwa maana ambayo iodini inaongeza. Mlinganisho huo unajibu hofu kwa kuruka swali la ni elementi gani na inakwenda wapi mwilini, na mtu akija kugundua kwamba alirushwa hatua hiyo, hatamwamini tena aliyemwambia. Afadhali kulinganisha dozi kwa dozi. Wastani wa mionzi ya asili inayompata binadamu duniani umekuwa ukikadiriwa kuwa milisiveti 2.4 kwa mwaka, yaani maikrosiveti 6.6 kwa siku. Lita ile ya maji ingempa mtu mzima pungufu ya siku moja ya hiyo, na mtoto karibu siku sita, huku tezi yake ikitajwa pembeni kwa namba yake yenyewe.

Bekereli nyingi, kwa upande mwingine, hazina maana ya hatari kubwa. Kuanzia Agosti 2023 Japani imekuwa ikimwaga baharini maji ya Fukushima yaliyosafishwa, ikijiwekea ukomo wa terabekereli 22 za tritiamu kwa mwaka, baada ya kuyazimua mpaka yawe chini ya bekereli 1,500 kwa lita. Terabekereli 22 ni bekereli trilioni 22, na trilioni ni neno linalotisha. Lakini mtu mzima ambaye angekunywa lita mbili kila siku za maji yenye bekereli 1,500 za tritiamu kwa lita, mwaka mzima, angepata takriban maikrosiveti 20. Mvuvi anayepinga umwagaji huo anaweza kuwa na sababu zake nzito za soko na za imani kwa kampuni inayoendesha vinu hivyo. Hizo zijadiliwe kwa jina lake, zisifichwe nyuma ya trilioni.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wataalamu wenyewe: vizidisho hivi ni makadirio ya kielelezo, vimemjenga mtu wa wastani asiyeishi popote, kwa nini tuwape watu namba zinazoweza kukosea? Ni kweli kwamba ni makadirio. Thairoidi ya mtoto ambaye chakula chake kina upungufu wa iodini hufyonza zaidi kuliko kielelezo kinavyosema, na ndivyo ilivyokuwa katika vijiji vingi vilivyoathiriwa na Chernobyl. Lakini hoja hiyo inatetea uwazi. Iwapo kizidisho kimetajwa, daktari anayejua hali ya lishe ya kijiji chake anaweza kusema kwamba kwetu namba hii ni ndogo mno. Iwapo kimefichwa ndani ya neno salama, ujuzi wake hauna pa kushika.

Huku kwetu jambo hili halijakaa mbali. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka nchini, na nchi jirani zina mamlaka zao. Majibu ya maabara za aina hii, popote duniani, huja kwa bekereli kwa kilo. Jibu linalotokea mara nyingi ni kwamba kitu hakikugunduliwa, na wengi hulisoma kuwa ni sifuri. Lakini kila chombo kina kiwango cha chini ambacho hakioni kilicho pungufu yake, na kiwango hicho hutegemea muda wa kupima, wingi wa sampuli na ubora wa chombo. Tuchukue maziwa ya unga ya mtoto, na tumpe kama Codex inavyompa mtoto mchanga: kilo 200 za chakula kwa mwaka, na tuseme zote ni hayo. Ikiwa chombo huona kuanzia bekereli 10 za sesiamu-137 kwa kilo, basi neno hakikugunduliwa lina maana kwamba mtoto hawezi kupata zaidi ya maikrosiveti 42 kwa mwaka, na mzazi anaweza kulala. Ikiwa chombo huona kuanzia bekereli 500, neno lile lile linaruhusu mpaka milisiveti 2.1, zaidi ya mara mbili ya lengo la milisiveti 1. Ili mzazi ajue ameshika hati ipi kati ya hizo mbili, kinachotakiwa kuongezwa kwenye karatasi ni namba moja.